Shule ya Mbao Nyuma ya Chuo: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kulinda Jengo la Kihistoria

Kisa hiki ni cha mji mdogo wenye chuo, Kusini mwa Marekani. Majina ya mji, ya chuo na ya watu wote yameachwa, pamoja na tarehe za miaka ya karibuni na alama nyingine zinazoweza kuwatambulisha wahusika. Nilikuwa miongoni mwa walioitwa kukagua jengo. Ninakiandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kuokoa jengo la watu wasio na cheo katika mji ambao tayari unajisifu kwa majengo yake ya kale.

Usuli

Miji ya vyuo ya Kusini hufanana sura. Katikati pana mahakama ya kaunti na uwanja wake, kuzunguka uwanja pana maduka ya matofali ya mwishoni mwa karne ya 19, kisha makanisa yenye minara na nyumba kubwa zenye nguzo nyeupe barazani. Chuo hukaa mwinukoni, chini ya mialoni. Ng'ambo ya reli ndipo walipoishi wapishi, wafuaji, waashi na wafagizi waliokiendesha chuo hicho kila siku bila kuruhusiwa kusoma ndani yake. Mji wa kisa hiki uko hivyo hivyo. Chuo chake ni cha binafsi, kilianzishwa na dhehebu la Kikristo, na hadi miaka ya 1960 hakikupokea mwanafunzi Mweusi.

Mji una sheria ndogo ya kulinda majengo ya kihistoria. Sheria za aina hii zilianzia Kusini kwenyewe: Charleston, South Carolina, ndiyo iliyokuwa ya kwanza Marekani, mwaka 1931. Ndani ya eneo lililolindwa, mwenye nyumba hawezi kubadilisha hata dirisha la mbele bila kibali cha kamisheni ya uhifadhi. Tatizo lilikuwa mpaka wa eneo hilo. Waliouchora walifika relini wakasimama. Ng'ambo ya reli, kibali cha kubomoa nyumba kilipatikana dirishani kwa karani, kama kibali cha kujenga uzio.

Ng'ambo hiyo ndiko ilikokuwa shule.

Jengo na waliolijenga

Ilikuwa shule ya walimu wawili, ya mbao, iliyojengwa miaka ya 1920 kwa msaada wa mfuko wa Julius Rosenwald. Rosenwald alikuwa mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago. Alishawishiwa na Booker T. Washington, mwasisi wa taasisi ya Tuskegee huko Alabama, kusaidia ujenzi wa shule za watoto Weusi vijijini. Walianza na shule sita za majaribio mwaka 1912. Mpango ulipofungwa mwaka 1932, zilikuwa zimejengwa shule 4,977 katika majimbo 15, pamoja na nyumba za walimu 217 na karakana 163.

Jinsi fedha zilivyopatikana ni jambo la kulikazia macho, kwa sababu kisa kizima kinaegemea hapo. Rosenwald hakutoa shule kama sadaka. Alitoa sehemu tu ya gharama, kwa sharti kwamba wenyeji nao wachange na serikali ya kaunti itie mkono. Hesabu ya mwisho ya mpango mzima ni dola milioni 28.4. Rosenwald na mfuko wake walitoa dola milioni 4.3 na ushei. Wamarekani Weusi, wengi wao wakulima wa kukodi mashamba na watu wa vibarua, walichanga dola milioni 4.7. Yaani walimzidi tajiri. Na hao ndio walioendelea kulipa kodi ile ile iliyokuwa ikijenga shule za Wazungu, ambazo watoto wao hawakuruhusiwa kuzikanyaga. Msomaji wa Kenya anayezikumbuka shule za harambee ataielewa picha hii mara moja: kuku waliuzwa, ardhi ikatolewa, mafundi wakajitolea siku zao.

Sharti jingine lilikuwa hili: kiwanja na jengo viandikwe kwa jina la mamlaka ya elimu ya umma, ili kaunti ilazimike kulipa walimu na kuitunza shule. Wakati ule lilikuwa sharti la busara. Miaka 50 baadaye ndilo lililowapokonya wenyeji kauli. Mahakama Kuu ya Marekani iliharamisha ubaguzi wa shule mwaka 1954, lakini sehemu nyingi za Kusini zilisuasua hadi mwisho wa miaka ya 1960. Ujumuishaji, yaani watoto Weusi na Wazungu kusoma shule moja, ulipofika kweli, shule zilizofungwa zilikuwa kwa kawaida zile za Weusi. Hii nayo ilifungwa, bodi ya elimu ya kaunti ikaiuza, na wale ambao wazazi wao walitoa kiwanja hawakuwa na hati ya kuonyesha. Jengo likawa ghala la samani. Likapigiliwa plastiki nje, madirisha yakazibwa, likasahauliwa na kila mtu isipokuwa waliosoma ndani yake.

Mambo yalivyokwenda

Chuo kilikuwa kikikua. Kwa miaka kadhaa kilinunua viwanja nyuma ya kampasi kimoja baada ya kingine, ikiwemo shule hiyo, nyumba ya zamani ya walimu iliyokuwa jirani yake, na safu ya nyumba nyembamba za kupanga, zile ambazo vyumba vyake vimefuatana kwa mstari mmoja kutoka barazani hadi jikoni. Baadhi ya viwanja hivyo vilikuwa ardhi ya urithi isiyogawanywa: babu alifariki bila wosia, watoto na wajukuu wakawa wamiliki wa pamoja, wengine wakiwa Detroit au Chicago hata hawajui. Katika ardhi ya namna hiyo, mrithi mmoja akiuza fungu lake, mnunuzi anaweza kwenda mahakamani kuomba kiwanja chote kiuzwe. Hivyo ndivyo familia nyingi za Weusi Kusini zilivyopoteza ardhi. Majimbo kadhaa sasa yamepitisha sheria ya mfano ya mwaka 2010 inayowapa warithi nafasi ya kwanza ya kununua fungu hilo. Kwa mtaa huu, mauzo yalikwisha kufanyika.

Siku moja tangazo la maombi ya kubomoa likabandikwa mlangoni mwa shule. Mpango wa chuo ulikuwa maegesho ya magari na mahali pa basi kugeukia. Bibi mmoja aliyesoma pale darasa la kwanza alilisoma akitoka kanisani. Jumapili iliyofuata mchungaji alilitangaza madhabahuni, na jioni yake watu walijaa ukumbini. Kamati iliundwa usiku huo: wazee waliosoma pale, mchungaji, mwalimu wa historia wa chuo hicho hicho, na mwanasheria mstaafu.

Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa kuliingiza jengo kwenye Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1966. Walikwisha anza kujaza fomu pale afisa wa ofisi ya jimbo ya uhifadhi alipowaambia jambo lililowakata maini: Rejista haizuii mtu binafsi kubomoa mali yake. Ni heshima, ni mlango wa ruzuku na nafuu ya kodi, na ni kigezo pale ambapo fedha au kibali cha serikali kuu kinahusika. Mwenye jengo anayetumia fedha zake mwenyewe anaweza kulibomoa kesho yake. Zaidi ya hapo, mmiliki binafsi akipinga kwa maandishi, jengo haliorodheshwi kabisa. Huishia kutamkwa kuwa linastahili.

Kamati ikageukia halmashauri ya mji. Mwanasheria mstaafu alikuwa ameisoma ile sheria ndogo ya majengo neno kwa neno, akakuta kifungu ambacho hakikuwahi kutumika. Halmashauri inaweza kulilinda jengo moja lililo nje ya eneo la kihistoria, na tangu siku pendekezo linapopokelewa hadi siku ya kura, vibali vyote vya kubomoa jengo hilo husimama. Pendekezo likapelekwa asubuhi iliyofuata. Ubomoaji ukasimama.

Chuo kilijibu kwa ripoti ya mhandisi. Kwa mujibu wake jengo lilikuwa limeoza, limekosa sura yake ya asili, na halifai kukarabatiwa. Kwa aliyelitazama kutoka barabarani ripoti ile ilisema kweli. Plastiki ilikuwa imebonyea na sakafu ilizama pembeni.

Hapo ndipo tulipoitwa. Kwa ruhusa ya chuo, na hilo ni la kukisifu, tulibandua ukanda wa plastiki upande wa mashariki. Chini yake mbao za msonobari zilikuwa nzima, ngumu kiasi cha kukataa msumari. Juu yake ilibaki alama ya rangi ikionyesha mahali ambapo madirisha sita marefu yalikuwa yamepangwa bega kwa bega. Mpangilio huo ndio sahihi ya shule za Rosenwald. Ramani zake ziliagiza madirisha ya madarasa yaelekee mashariki au magharibi na madawati yapangwe ili mwanga uingie kutoka kushoto kwa mwanafunzi, mkono wake wa kuume usitie kivuli kwenye daftari. Umeme haukuwepo, kwa hiyo dirisha ndilo lililokuwa taa. Ndani, nyuma ya mbao za jasi, ubao mweusi ulikuwa bado ukutani. Kuoza kulikuwepo kweli, lakini mahali pamoja: boriti ya chini upande wa kaskazini, ambako mfereji wa paa ulivunjika na maji yakadondoka miaka na miaka, mchwa wakafuata unyevu. Boriti moja na nguzo fupi chache za matofali, basi.

Wakati huo huo yule mwalimu wa historia aliipata kadi. Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, kinahifadhi kumbukumbu za mfuko wa Rosenwald, na kwa shule nyingi ipo kadi yenye picha ya jengo likiwa jipya na mgawanyo wa fedha: Weusi kiasi gani, Wazungu kiasi gani, umma kiasi gani, Rosenwald kiasi gani. Kwenye kadi ya shule hii, mchango wa Weusi ulikuwa mkubwa kuliko wa Rosenwald. Kadi ilikuzwa ikasimamishwa mbele ya chumba cha mkutano wa halmashauri. Wazee wawili walitambua majina ya baba zao kwenye daftari la kanisa la mwaka ule ule, wakayasoma kwa sauti. Sijaona mkutano wa halmashauri ukinyamaza namna ile.

Maamuzi na sababu zake

Maamuzi makubwa yalikuwa matatu.

La kwanza, kuanza na mji na kuiweka Rejista nyuma. Nimeshalieleza. Sababu yake ilikuwa muda. Kamati haikuwa na fedha, haikuwa na hati, haikuwa na mshirika mwenye nguvu. Kitu pekee ilichoweza kupata bure ni miezi michache ya kibali kusimama, na katika miezi hiyo ndipo kadi na ukaguzi vilipatikana.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Chuo kilijitolea kulipia kulihamisha jengo hadi pembeni mwa kampasi, kulipaka rangi na kuligeuza makumbusho ndogo. Wazee kadhaa walitaka kukubali. Walikuwa wameona mengi yakibomolewa maishani mwao na waliogopa kwamba kukataa kungewakosesha vyote. Mchungaji na mwanasheria walikataa, na baada ya mjadala wa usiku kucha kamati iliwafuata. Jengo la aina hii linapata maana kutokana na pale lilipo, likiwa limeelekea jua, karibu na kanisa ambalo waumini wake walitoa kiwanja, kwenye njia ambayo watoto walitembea. Kwa kanuni za Rejista pia, jengo lililohamishwa kwa kawaida halikubaliwi ila kwa sharti maalumu. Lakini sababu iliyowashinda wote ilitolewa na yule bibi wa darasa la kwanza: likihamia kampasi, litakuwa la chuo, na watu wa mtaani watalazimika kulitembelea kama wageni.

La tatu ni mapatano yenyewe. Mji ulikuwa umeomba fedha za serikali kuu kwa ajili ya mitaro na njia za miguu kwenye barabara hiyo hiyo, na fedha hizo zinaamsha Kifungu cha 106 cha sheria ya 1966. Kifungu hicho hakikatazi kubomoa. Kinachotaka ni taasisi inayotoa fedha kuangalia kwanza madhara kwa majengo yaliyoorodheshwa au yanayostahili, na kushauriana na ofisi ya jimbo na wenye maslahi. Hadi hapo chuo kilikuwa kinazungumza na kamati kwa hisani tu. Kifungu cha 106 kiliwaweka wote meza moja, na mji, usiotaka mradi wake ukwame, ukawa mpatanishi.

Mezani ndipo ilipobainika kwamba chuo hakikuwa na chuki na jengo. Kilikuwa na hofu mbili: idadi ya magari, na kushtakiwa mtu akiumia ndani. Mapatano yakajibu hofu hizo. Kamati iliyokwisha sajiliwa kama shirika lisilo la faida ilipewa jengo na kiwanja chake kwa mkataba wa upangaji wa muda mrefu, ikabeba bima na ukarabati. Chuo kilisaini sharti la uhifadhi lililosajiliwa kwenye hati ya ardhi, linalomfunga hata mnunuzi wa baadaye, na kulikabidhi kwa shirika la uhifadhi la jimbo. Halmashauri ikapiga kura ya kulilinda jengo. Chuo hakikupinga Rejista. Kwa upande wake kilipata maegesho yake kwenye viwanja vya nyuma: pale ilipokuwa nyumba ya walimu na zile nyumba nyembamba.

Matokeo

Shule imesimama pale pale. Madirisha ya mashariki yamefunguliwa. Mchana wa siku za shule watoto wa mtaa hufanyia humo kazi za nyumbani wakisaidiwa na wanafunzi wa ualimu wa chuo, jioni kuna darasa la watu wazima, na kila kiangazi waliosoma pale hukutana. Iko kwenye Rejista ya Taifa. Kati ya shule karibu 5,000 za Rosenwald, zinazokadiriwa kubaki ni kama 500, na hii ni mojawapo.

Nyumba ya walimu haipo tena. Wala nyumba za kupanga. Waliokuwa wakiishi humo walipewa notisi na kuhama, mmoja baada ya mwingine, bila mkutano wowote.

Ukarabati ulichukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa, hasa kwa sababu ya fedha. Watu wengi husikia kuhusu nafuu ya kodi ya serikali kuu ya asilimia 20 ya gharama za ukarabati, wakadhani inamfaa kila mtu. Ni kwa majengo yanayoingiza kipato, na ni nafuu ya kodi: shirika lisilolipa kodi halina kodi ya kupunguziwa. Kuna njia za kumleta mwekezaji anayeihitaji, ila kwa jengo dogo kama hili ada za mawakili zingemeza faida. Kamati ilitegemea ruzuku ndogo za jimbo, michango ya wahitimu, na kazi za kujitolea.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kuisoma sheria ndogo ya mji kabla ya kuandamana ndiko kulikookoa jengo. Nalisema bila kusita kwa sababu nimeona kamati nyingine zikimaliza nguvu zote kwenye sahihi za maombi na barua magazetini huku kibali cha kubomoa kikitembea ofisini. Kifungu cha kusimamisha vibali kilikuwepo miaka yote. Hakuna ofisa aliyekitaja, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Kubandua plastiki nako kulibadilisha mazungumzo. Wahifadhi hupima jengo kwa mambo kama mahali, muundo, mazingira, malighafi na ufundi, na swali la kwanza la wapinzani huwa kwamba sura ya asili imepotea. Mara nyingi imefunikwa tu. Ripoti ya mhandisi haikuwa ya uongo, iliandikwa na mtu ambaye hakuombwa kufungua ukuta. Ukanda wenye upana wa mkono uliobanduliwa kwa uangalifu ulijibu kurasa zake zote. Kwa hiyo nasisitiza: mkaguzi wa kujitegemea aingie mapema, na aombe kufungua mahali padogo pasipoonekana badala ya kukisia.

Kadi ya Fisk ilifanya kazi ambayo maneno matamu yasingeifanya. Kabla yake, hoja ya kamati ilisikika kama kumbukumbu za wazee, na wajumbe wa halmashauri walikuwa wapole kwa namna ile ya mtu anayengoja umalize. Baada yake, hoja ikawa ya fedha: hawa walinunua jengo hili. Anayetafuta shule ya Rosenwald aanzie huko, kisha aende kwenye daftari za makanisa, ambako majina yapo.

Na kuuliza chuo kinaogopa nini. Hili liligunduliwa kwa kuchelewa kidogo. Miezi ya mwanzo ilipotea kwa pande mbili kurushiana hoja za historia, wakati swali halisi la chuo lilikuwa bima.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa kubwa ni mpaka, na linauma zaidi kwa sababu mji ulikwisha lifanya kosa hilo hilo kwenye reli. Kamati iliandika pendekezo la jengo moja. Ilikuwa rahisi, ilikuwa haraka, na wakati ule haraka ilihitajika. Lakini ubomoaji uliposimama na muda ukapatikana, hakuna aliyerudi kulipanua pendekezo liwe la mtaa: shule, nyumba ya walimu, nyumba za kupanga na kanisa. Mpango wote wa Rosenwald ulijenga nyumba za walimu 217 tu, katika Kusini nzima. Moja ilikuwa hatua chache kutoka mezani pa mazungumzo, nayo ilitolewa kama chenji. Kila aliyekuwa pale alijua ni ya zamani, na pendekezo halikuitaja.

Wapangaji ni upande mwingine wa kosa hilo. Kamati iliundwa na watu waliosoma shuleni, wengi wao sasa wakiishi mitaa mingine au miji mingine. Waliokuwa wakiishi kando ya shule usiku na mchana hawakuwa wahitimu, hawakuwa wamiliki, na hawakualikwa. Kifungu cha 106 kinaruhusu mwenye maslahi kuomba kuwa mshauri, na yeyote kati ya wapangaji hao angeweza kuomba. Hakuna aliyewaambia. Ninaamini kwa dhati kwamba kuokoa jengo la watu walionyimwa kauli huku ukiwanyima kauli majirani zake ni kazi iliyofanyika nusu.

Makosa ya ufundi yalikuwa madogo lakini ni ya kawaida mno, kwa hiyo niyataje. Nguzo za matofali zilijazwa upya maungio yake kwa saruji ngumu. Matofali ya zamani ni laini na yalijengewa chokaa, ambayo hupitisha unyevu na kukubali kusogea kidogo. Saruji hukataa vyote viwili, unyevu ukalazimika kutokea kwenye tofali lenyewe, na baada ya majira mawili ya baridi nyuso za matofali zikaanza kubanduka. Maungio yale yamekwanguliwa na kujazwa chokaa, kazi ambayo ingefanyika mara moja. Rangi nayo: wafanyakazi wa kujitolea walipaka mbao wiki chache tu baada ya plastiki kubanduliwa, zikiwa bado na unyevu wa miongo, na rangi ikaota malengelenge. Mbao zilizofunikwa muda mrefu zinahitaji kupumua msimu mzima kabla ya brashi kugusa. Rangi ya zamani iliyokuwa chini ilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, jambo la kutarajiwa kwenye jengo lolote la kabla ya 1978, na siku za mwanzo ilikwanguliwa kavu na vijana wasio na barakoa. Hilo halikupaswa kutokea kabisa.

Kumbukumbu za sauti za wazee zilirekodiwa vizuri na wanafunzi wa chuo, lakini hapakuwa na karatasi ya ridhaa iliyoeleza rekodi ni za nani. Zimekaa maktaba ya chuo. Familia mbili zimeomba nakala na kuambiwa zisubiri ufafanuzi wa kisheria. Fomu ya ukurasa mmoja, iliyosainiwa kabla kinasasauti hakijawashwa, ingetosha.

Linalobaki wazi

Hati ya ardhi bado ni ya chuo. Sharti la uhifadhi linalinda kuta, halimlindi mpangaji. Mkataba wa upangaji ukiisha, au shirika likishindwa kulipa bima miaka miwili mfululizo, chuo kinaweza kulichukua jengo na kulitumia kwa kazi yoyote isiyoharibu sura yake, hata ofisi ya udahili. Mwanasheria mstaafu aliomba kifungu cha kuwapa wenyeji haki ya kwanza ya kununua kiwanja. Kilifutwa dakika za mwisho, na kamati iliyokuwa imechoka ikasaini. Mazungumzo ya kukirudisha yameanza tena mwaka huu, na safari hii wajumbe wawili kati ya watano wa upande wa mtaa ni watu waliohamishwa kutoka nyumba za nyuma. Wao ndio walioleta mezani ombi jipya: pendekezo la eneo la kihistoria linaloanzia relini na kwenda ng'ambo.